Aliyekunywa Kabla ya Panya

Ukiniuliza alizaliwa kijiji gani na baba yake alikuwa nani, utakuwa unanipotezea muda, maana sijui na sikuwahi kumuuliza. Mimi mwenyewe nimesoma mpaka darasa la tatu, kisha nikatolewa shule kwenda kulinda mahindi yasiliwe na nyani, na nyani wale walinifundisha zaidi kuliko mwalimu, hasa habari za kuibiwa. Kwa hiyo usitegemee mambo ya ukoo na tarehe. Nitakueleza ninachokijua: habari za mwanamke mmoja wa mtaa wetu wa Lizaboni, hapa Songea, tunayemwita Mama Dawa, na namna alivyojifungia mahali ambapo sisi sote tumeshindwa kumtoa.

Nilimfahamu kwenye mashine. Miaka mingi nilikuwa nasaga mahindi kwenye mashine ya watu pale mtaani, na hakuna mahali pa kumjua mtu kama kwenye mashine. Yuko anayekuachia ndoo yake akaenda zake, na yuko anayesimama kukukodolea macho kama wewe ndiye mwizi wa taifa. Mama Dawa alikuwa wa hao wa pili. Anaweka ndoo chini, anasalimia, anamuulizia mke wangu, halafu anakaa pale pale vumbi linapotua mpaka anakuwa mweupe mwili mzima isipokuwa viganja. Viganja vyake havikuwahi kuwa vyeupe. Vilikuwa na rangi ya mizizi aliyokuwa anaimenya, nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi, na hata Jumapili kanisani, wakati wa kupeana amani, mgeni akishikwa mkono na yeye lazima ajitazame kiganja kama ametiwa rangi.

Mume wake alikuwa rafiki yangu, Mungu amrehemu. Ndiyo maana yeye aliniita shemeji na mimi nikamwita shemeji, ingawa kwenye maandishi haya nitamwita Mama Dawa ili usichanganyikiwe.

Kitu cha kwanza cha kujua ni kwamba hakupenda kuitwa mganga. Siku moja alikuja mfanyabiashara wa korosho kutoka huko Tunduru, mtu wa heshima, kofia nyeupe kichwani. Akasalimia vizuri, akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akaanza: "Mama, nimeibiwa magunia. Nimeambiwa wewe unaona mbali."

"Naona mpaka pale kwenye banda la kuku," Mama Dawa akamjibu. "Baada ya banda naona ukungu."

"Inshallah utanisaidia, mama. Hata jina moja tu la mwizi."

"Mimi napika mizizi ya vidonda vya tumbo, baba. Huyo mwizi wako anaumwa tumbo?"

Yule bwana akasema hajui. "Akianza kuumwa mlete," akaambiwa. Tulicheka mpaka mfanyabiashara mwenyewe akacheka, na mwisho ikaonekana kweli ana kiungulia cha siku nyingi, akanywa dawa, akarudi kwao bila magunia lakini analala vizuri.

Alikuwa hivyo. Halafu alikuwa na mambo yasiyoelewana. Mkarimu wa mizizi, mtu asiye na kitu anatibiwa tu na hata aibu hatiwi, lakini sukari yake ilifungiwa kwenye kabati na ufunguo alilala nao. Kichwa kikimuuma anakwenda dukani kununua vidonge. Nikamuuliza, shemeji, wewe mwenye dawa unameza vidonge vya dukani? Akasema, "Mti wangu ni wa tumbo. Habari za kichwa sijafundishwa." Ukimsifu anakasirika. Ukimsema vibaya anakasirika pia, ila anakasirika kwa Kingoni, na hapo ujue umefika pabaya.

Mti wenyewe siutaji. Si kwamba ni siri, wengi tunaujua, unaota kwenye mawe upande wa mlima Matogoro. Aliniomba nisiutaje ovyo kwa sababu watu wataung'oa wote wauze. Anachimba upande mmoja tu wa shina, anafukia, mwaka ule hagusi tena pale. Anachemsha kwenye sufuria moja nyeusi mpaka maji yanakuwa kama chai iliyosahauliwa jikoni. Ni dawa chungu. Ukishaimeza ulimi unakauka kama umelamba chaki.

Sasa nifike kwenye kikombe, maana bila kikombe hakuna habari.

Huku kwetu muuza pombe ndiye anayeonja kwanza. Ukienda kilabuni kunywa ulanzi, mama anachota, anakunywa funda lake mbele yako, ndipo anakupa. Hakuna anayeona ajabu. Ni namna ya kusema, mimi sina ubaya na wewe. Mama Dawa aliichukua desturi hiyo akaipeleka kwenye dawa, lakini yeye hakuonja. Alijaza vikombe viwili vya bati vilivyolingana, akainua chake, akanywa chote mpaka akageuza kitako cha kikombe juu uone hakuna kitu, ndipo wewe ukanywa. Kila mgonjwa, kila siku, tangu ana nguvu za kupanda mlima bila fimbo.

Kisa chake nilikishuhudia. Zamani, alipokuwa ndiyo kwanza anaanza, aliletewa mzee mmoja amebebwa kwenye machela ya miti, tumbo limejaa, amekwisha kabisa. Ndugu wakasihi. Akaonja kwanza kwa desturi ile, akampa dawa, na mzee akafa kabla jua halijazama. Vijana wa ule ukoo wakaja na marungu, wanataka kuchoma nyumba. Aliyemwokoa ni mke wa marehemu. Akasimama mlangoni akasema, "Amekunywa kabla ya mume wangu, sufuria ile ile, kikombe kile kile, nimeona kwa macho yangu. Kama ni sumu, mbona yeye anasimama?" Vijana wakatazamana, wakaondoka. Tangu siku hiyo Mama Dawa hakumpa mtu dawa bila kunywa kwanza kiasi kile kile. Nilimwambia funda dogo linatosha. Akasema, "Mtu akilamba tu na ulimi, mimi simwamini. Na mimi wasiniamini nikilamba."

Nilitaka kufika wapi? Kwa panya.

Miaka ya karibuni maneno yalibadilika. Vijana wana simu, wanasoma huko kwamba dawa za mizizi zinaua maini na figo. Mgonjwa akawa anakuja na mwanaye, mama anataka kunywa, mtoto anamvuta kanga. Mama Dawa akaumia. Akaenda kwa watu wa halmashauri kuuliza afanye nini ili maneno yaishe. Wakamwambia dawa yake ikapimwe kwanza kama ina madhara. Ndipo akaja mtafiti, mwanamke mtu mzima, mpole, amejifunga hijabu, ana sauti ya chini. Alipotwambia kwao ni Nakapanya, na kazi yake ni kulisha panya dawa, balozi wetu wa mtaa alishindwa kujizuia: "Basi hii kazi ulizaliwa nayo." Mtafiti akasema, "Mzee wangu, hiyo nimeisikia tangu nikiwa chuoni, tafuta nyingine." Tukampenda hapo hapo.

Akachukua mizizi, akaikausha, akaisaga, akaichuja kwa namna zao mpaka ikabaki unga mzito wa kahawia. Akatukaribisha tukaone panya. Tulikwenda mimi na Mama Dawa, kwenye chumba cha chuo kimoja hapa mjini. Mimi na panya tuna uadui wa miaka, wale wa mashineni walinitoboa magunia yasiyo na hesabu, basi nilivyoingia nikatafuta kitu cha kupigia. Kumbe ni panya wengine. Weupe kama kanzu, macho mekundu, wamekaa kwenye vizimba vya waya, kila kizimba na maji na chakula chake. Hawakukimbia. Mtu anamshika mmoja, anampitishia kooni kijisindano kirefu chenye ncha butu mpaka tumboni, anasukuma dawa taratibu, anamrudisha. Kizimba cha kwanza wanapewa maji matupu ili waje kulinganishwa na wenzao. Kinachofuata dawa kidogo, kingine zaidi, na kizimba cha mwisho ndicho kinachopewa nyingi kuliko vyote.

Mama Dawa alipita kizimba kwa kizimba. Akauliza, "Nani ameonja?"

"Kuonja nini, bibi?"

"Dawa. Kabla hujawapa hawa."

"Bibi, hatuonji. Hawa ndio wanaotuonjea sisi."

Mama Dawa akavua kandambili zake, sijui kwa nini, labda kwa heshima. "Dawa yangu haijawahi kunywewa na kiumbe kabla yangu mimi. Nipe kikombe."

Mtafiti akamwambia hii si ile ya sufuria, imekolezwa. Mama Dawa akanyoosha kiganja. Wakabishana kwa upole, hivi wanavyobishana wanawake wanaoheshimiana, na mwisho mtafiti akamdondoshea tone moja kiganjani. Akalilamba. Akafumba macho. "Ndiyo yenyewe," akasema. Kisha akawaambia panya, kwa adabu kabisa, "Karibuni." Mimi nilitoka nje nikacheke huko. Mtafiti naye akatabasamu, akadhani ni mambo ya mila ya siku moja, yameisha.

Ikapita miezi. Siku ya majibu tulijaa uani kwa Mama Dawa, balozi yupo, wagonjwa wapo kwenye benchi, sufuria iko jikoni. Mtafiti akamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikiwa, akaanza kueleza. Panya waliopewa mara moja, hata kwa wingi, hakufa hata mmoja. Waliopewa kidogo kila siku wanakula, wamenenepa, damu yao ni nzuri. "Kwa mgonjwa anayekunywa kwa siku chache kisha akaacha," akasema, "sisi hatujaona ubaya."

Watu wakapiga makofi. Nilimwona Mama Dawa akifuta macho kwa upindo wa kanga, na sijawahi kumwona akifanya hivyo hata siku ya kumzika mume wake.

"Kuna kizimba cha mwisho tu," mtafiti akaendelea. "Wale tuliwapa nyingi, kila siku, bila kuwapumzisha. Tulipowafungua, maini yalikuwa yamevimba na kubadilika rangi. Hilo tutaliandika kama onyo. Lakini hakuna binadamu anayekunywa namna hiyo."

Kwa furaha aliyokuwa nayo, Mama Dawa akainuka kuwahudumia wagonjwa waliokuwa wanamsubiri. Akajaza viwili, akanywa chake, akageuza kitako juu, mgonjwa akanywa. Akaja wa pili. Akajaza tena, akanywa tena. Akaja wa tatu. Mtafiti alikuwa anaaga, akasimama.

"Bibi, kwani kwa siku unakunywa mara ngapi?"

"Mara watu wanazokuja."

"Kikombe kizima?"

"Kwani wao nawapa nusu?"

"Tangu lini?"

"Tangu huyu shemeji yangu ana nywele."

Watu wakanicheka, nami nikapapasa kichwa changu. Halafu kicheko kikaanza kufa kimoja kimoja, maana mtafiti hakucheka. Alikuwa anatazama kile kikombe. Akasema polepole, "Bibi, basi wewe ndiwe kizimba cha mwisho."

Akampeleka hospitali yeye mwenyewe kupima damu. Daktari akasema ini limeanza kulemewa. Likipumzishwa sasa linaweza kujirudi, likiendelea kupewa haijulikani lini litakataa moja kwa moja. Kwa hiyo dawa imeshinda. Haina neno kwa mgonjwa. Mtu pekee ambaye ina neno naye katika Songea nzima ni yule anayeitoa.

Utasema, rahisi, aache kunywa. Na sisi tulisema hivyo, tena tulikwenda kwa zamu. Mtafiti akamwambia aguse kwa ncha ya ulimi. Akajibu kama alivyonijibu mimi zamani. Balozi akamwambia ajiwekee chai ya rangi kwenye kikombe chake, nani atajua? "Mimi nitajua," akasema, "na siku mgonjwa akinifia, nitasimama mlangoni niseme nimekunywa naye? Kwa mdomo upi?" Binti yake akaja kutoka Mbinga akapiga magoti, akasema mama, nitakunywa mimi kwa niaba yako. Hapo ndipo alipokasirika kwa Kingoni. Alipotulia akauliza, "Nikulishe wewe kilichonilemea mimi, halafu nilale?" Mimi nikaenda wa mwisho, nikamwambia afunge kazi kabisa, amezeeka, nani atamlaumu.

"Nikifunga leo," akasema, "watasema panya wamenifichua. Kila niliyempa dawa atajishika tumbo ajiulize nilimnywesha nini. Na hawa wanaokuja wamekunja uso kwa maumivu, niwaambie nini?"

"Waende hospitali."

"Nusu yao wanatokea huko, shemeji."

Kisha akatoa uamuzi wake, nao ndio uliotufunga sisi wote. Akasema, "Sitamwita mtu. Asiyekuja, sinywi. Atakayekuja, nitakunywa naye."

Ukiangalia, alituwekea ini lake mikononi. Mtaa mzima ukaelewa bila mkutano. Tukaacha kwenda. Mama jirani anayeteseka na vidonda akawa anatafuna ndizi mbichi akijifariji. Mimi nina vidonda vya tumbo tangu enzi za mashine, vumbi na kula ovyo, na kwa miaka mingi dawa ile ndiyo iliyokuwa inanisimamisha. Nikaacha. Nikikutana naye njiani nanyoosha mgongo, natembea kama askari, nasema nimepona, shemeji, sijui hata ugonjwa ulikwenda wapi. Wageni wanaoshuka stendi na kuuliza njia tukawa tunawaambia Mama Dawa amesafiri. Amekwenda wapi? Mbinga. Anarudi lini? Hatujui. Balozi ndiye aliyedanganya vizuri kuliko wote, akawa anatoa mpaka habari za mjukuu aliyezaliwa huko.

Tulidhani tunamtunza.

Juzi nilikuwa napita mbele ya uwanja wake, tumbo linanitafuna vibaya, nimekula dagaa wa Nyasa wenye pilipili nikijua kabisa nafanya ujinga. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, peke yake, upande wa mgonjwa. Amekonda. Akaniita. Ukiitwa na shemeji huwezi kupita.

"Kaa," akasema. "Nimekutana na mtu wa Namasakata sokoni. Ananipa pole ya safari. Anauliza mjukuu hajambo?"

Nikakaa kwenye ncha ya benchi.

"Mmeiogopa dawa yangu?"

"Hapana. Dawa tunaijua."

"Mtafiti amesema mbele yenu nyote kwamba haina neno. Mlipiga makofi. Kisha mkaondoka mmoja mmoja kama watu waliomaliza msiba. Nikasema basi, wameogopa."

"Hatukuogopa dawa, shemeji. Tuliogopa kikombe chako."

Nikaona jambo hilo lilikuwa halijampitia akilini hata mara moja. Miezi yote ile alikaa pale akiamini kwamba tumemwona mchawi.

"Kwa hiyo mmeumwa," akasema. "Mmekaa majumbani mwenu mnaumwa, ili mimi nisinywe."

"Ndiyo."

"Na wewe pia."

"Mimi nimepona."

"Umepona." Akanitazama. "Mbona umeshika benchi hivyo?"

Nikaachia benchi. Na pale pale, kama limesikia linasemwa, tumbo likanikata, nikainama mpaka paji la uso likagusa goti. Sikuweza kujizuia. Niliposikia nyayo zake zinakwenda jikoni nilitaka kusema usilete, lakini pumzi haikutosha. Akarudi na vikombe viwili. Nikanyoosha mkono nikizuie chake. Alikuwa ameshakinywa. Mwanamke mzee vile, alikimaliza haraka kama mtoto anayenyang'anywa uji, akageuza kitako juu nione.

"Haya," akasema. "Cha kwangu kimeshakwenda. Ukikataa chako, nimekunywa bure."

Nifanye nini? Nilikunywa.

Tukakaa. Alikuwa amenyooka mgongo, ana uso wa zamani, uso wa mtu mwenye kazi, na Mungu anisamehe, alipendeza. Tumbo langu nalo likaanza kulegea kidogo kidogo, likatulia kama lilivyokuwa linatulia miaka yote, nami nikalichukia kwa kutulia kwake.

"Kesho asubuhi, kabla hujala," akasema. "Na siku zinazofuata. Unajua ukikatiza katikati vidonda vinarudi na hasira."

Ninajua. Nisipokwenda nitarudi kuinama barabarani, na yeye atajua nimemwacha kwa makusudi, safari hii bila uongo wa safari ya Mbinga. Nikienda atajaza viwili.

Leo ndiyo hiyo kesho. Sijala. Nimevaa viatu, nimevua, nimevaa tena. Kutoka hapa nilipokaa naona moshi wa jikoni kwake. Ameshawasha.